Kitabu cha kumbukumbu ya kambo mzalisha farasi: kazi ya karakana moja ya Kamalondo

Siku za kuondoa matanga zinapokaribia, familia nyingi za Lubumbashi hutaka kijitabu cha kugawia wageni: picha za marehemu, maisha yake, majina ya wana na wajukuu. Karakana ya uchapaji tunayoizungumzia iko Kamalondo, mtaa wa mji huo. Ni ya mafundi watatu, na imekubali kazi ambayo wachapaji wengi wanaikwepa, yaani vitabu vya wazee wakulima na wafugaji, wenye madaftari ya shamba na picha zilizoliwa na unyevu. Kitabu tulichokifuatilia tangu picha zinaletwa hadi nakala zinatoka ni cha kambo, yaani babu, aliyelima mahindi na kuzalisha farasi upande wa barabara ya Kipushi. Picha wanazitendea haki kabisa. Daftari la farasi wanalifanya pambo, na hapo ndipo kazi yao inapopungua, kwa sababu mfugaji maisha yake yamo kwenye daftari.

Tuanze na wanachokiweza. Picha ndogo za sentimita 6 kwa 9 wanazipitisha kwenye skana kwa nukta 600 kwa inchi, wakati mahali pengine utapewa 300 na kuambiwa inatosha. Kwa 600 picha inakuzwa mara mbili na uso wa mzee haupasuki. Negativi za milimita 35 zinapanda hadi 2400. Faili ya kwanza inahifadhiwa kama TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha, bila kuguswa, marekebisho yote yanafanywa kwenye nakala. Picha iliyonata kwenye kioo cha fremu hawaibandui. Wanaipitisha pamoja na kioo chake, maana ukiivuta uso wake unabaki kwenye kioo. Zile za albamu za kurasa zenye gundi wanazitoa kwa uzi wa kusafishia meno, unaopitishwa chini ya picha polepole kutoka pembe moja. Katika majira ya mvua, kuanzia Novemba, hawapokei picha mbichi: wanakurudishia uzilaze juu ya karatasi nyeupe, ndani ya nyumba, mbali na jua, hadi zikauke. Wako sahihi. Picha yenye kuvu ikifungiwa kwenye bahasha inaziambukiza na nyingine.

Negativi moja waliisoma upande usio wake. Ilijulikana kwa vitu viwili: mfuko wa shati la mzee ulikuwa kifua cha kulia, na yeye alikuwa amesimama upande wa kulia wa farasi akishika hatamu, ilhali farasi huongozwa na kupandwa kutoka kushoto kwake. Wakairekebisha palepale. Kila picha ya negativi ikaguliwe hivyo kabla ya kutia sahihi.

Wakipendekeza kutia rangi picha nyeusi na nyeupe, kataa. Programu inawapa farasi wote kahawia moja. Katika picha isiyo na rangi, mwenye macho bado anatofautisha farasi wa kahawia mwenye singa, mkia na miguu ya chini myeusi, na yule mwekundu ambaye singa zake zinafanana na mwili. Rangi ya kompyuta ikipita juu, tofauti hiyo inafutika, na kwa mtu aliyechagua dume gani ampandishe jike gani, tofauti hiyo ilikuwa kazi yake ya miaka.

Maandishi ya chini ya picha ndiyo yanayohitaji mtu wa farasi. Kwenye ukurasa mmoja karakana iliandika "farasi mweusi", na kurasa sita mbele "farasi mweupe", kumbe ni mnyama mmoja. Farasi wa kijivu huzaliwa na rangi nzito, pengine mweusi au kahawia, kisha hupauka mwaka hadi mwaka hadi anaonekana mweupe. Doa la paji la uso nalo linamezwa na weupe huo, hivyo halisaidii. Kinachobaki ni vizingo vya nywele kwenye paji: mahali pake na mzunguko wake havibadiliki. Ukizikuza picha zote mbili na kuweka paji kando ya paji, utajua. Familia iwape mafundi orodha ya farasi kabla ya kazi kuanza, yenye jina, rangi ya kuzaliwa, rangi ya utu uzima, alama za miguu na vizingo.

Sasa daftari. Mafundi walichagua kurasa mbili zenye mwandiko mzuri, wakazififisha na kuziweka nyuma ya maneno ya maombolezo. Inapendeza kwa macho, lakini hakuna anayeweza kusoma. Familia ilipoomba orodha ya vizazi ichapwe yote, walikubali, wakatengeneza jedwali la kurasa mbili zinazotazamana, herufi za ukubwa wa 9, safu sita: mama, baba, siku ya kupandwa, siku ya kuzaa, rangi na alama, alikokwenda. Hilo ndilo bora katika kitabu kizima, na linapaswa kuwa kawaida yao bila kuombwa. Ukilisoma unamwona mzee akifikiri: jike mwenye kwato laini hapelekwi tena kwa dume mwenye kwato laini, na dume aliyeuzwa anarudi baadaye kama babu wa mtoto aliyenunuliwa mbali.

Makosa ya kunakili yalikuwa mengi, na yana sababu. Wazee waliosoma zamani wanaandika 1 yenye mkia mrefu unaopanda mbele, na 7 yenye kistari katikati. Kijana akiona 1 hiyo anaandika 7. Tena miezi waliiandika kwa namba za Kirumi. Jike mmoja, Mawingu, alipandwa tarehe 12-II-1974. Kitabu kikaandika 12-11-1974, na mtoto amezaliwa tarehe 17-I-1975. Farasi hawezi kuzaa kwa siku 66. Mimba yake ni miezi 11 hivi, kwa kawaida kati ya siku 320 na 365. Rudisha Februari mahali pake, unapata siku 339, na hesabu inakaa. Kipimo hicho kifanywe kwa kila mstari wa jedwali. Ni kazi ya saa moja kwa mtu mwenye kalenda.

Ukurasa wa siku ya kawaida shambani ulisema kambo aliingiza farasi bandani kabla ya jua kuzama "kwa ajili ya baridi". Sivyo. Ugonjwa wa farasi wa Afrika unaletwa na visubi, vidudu vidogo kuliko mbu vinavyouma kuanzia magharibi hadi alfajiri, na ndiyo maana farasi waliingizwa mapema na kutolewa jua likishapanda. Daftari lenyewe lina maneno "Onderstepoort 1" na "Onderstepoort 2", yenye wiki tatu katikati. Hiyo ni chanjo ya ugonjwa huo kutoka Onderstepoort, Afrika Kusini, inayotolewa kwa chupa mbili tofauti. Kitabu kilikuwa kimeandika kana kwamba Onderstepoort ni jina la farasi.

Majina na pesa navyo viangaliwe. Mwaka 1972 watu waliacha majina ya Kikristo kwa amri ya serikali, kwa hiyo hati za mzee wa umri huo zina majina mawili. Kitabu kiyaweke yote mawili pamoja kwenye ukurasa wa kwanza, la sivyo mjukuu akikuta hati ya shamba ya 1965 atadhani ni ya mtu mwingine. Nyuma ya picha pakiandikwa Élisabethville, paachwe hivyo. Mji umeitwa Lubumbashi tangu 1966. Bei za farasi ziachwe kwa pesa ya wakati wake. Zaire ya 1967 ilichukua nafasi ya faranga 1000, zaire mpya ya 1993 ikachukua nafasi ya zile za zamani milioni 3, faranga ikarudi 1998. Karakana ilijaribu kuzigeuza kuwa dola na ikatoa namba zisizo na maana.

Uchapaji wenyewe ni safi. Waya mbili katikati, karatasi ya gramu 120 ndani na 300 kwenye jalada. Kurasa ziwe zinazogawanyika kwa 4 (32 au 36), vinginevyo unalipia kurasa tupu. Gundi ya mgongoni kwa kitabu chembamba hivyo usiikubali, inaachia. Kabla ya nakala zote kutoka, lowesha kidole na usugue pembe ya ukurasa wa majaribio: wino ukichafuka, ni mashine ya wino wa maji, na kitabu hakitamaliza majira ya mvua. Yao haikuchafuka. Umeme ulikatika katikati ya kazi, na majalada yaliyotoka baada ya jenereta kuwashwa yakawa mekundu kidogo kuliko ya mwanzo, kwa hiyo omba majalada yote yachapwe kwa mkupuo mmoja.

Wanahesabu bei kwa ukurasa, wa rangi mbali na wa weusi, kwa dola, nusu mbele. Jedwali la vizazi linahesabiwa kama ukurasa wa kawaida, na kwa jinsi linavyochosha kulipanga, hiyo ni bei ya haki. Wape wiki tatu, si moja: ya kwanza kwa picha, ya pili kwa jedwali, ya tatu kwa kusahihisha, pamoja na mzee mmoja aliyewajua farasi hao kwa majina. Daftari lisilale karakanani. Lipigwe picha kurasa zote mbele yako, uzihesabu, urudi nalo nyumbani siku ileile.