Uzoefu wangu na glavu za golikipa wa hoki: kwa viwanja vyetu, angalia ya kulia kwanza

Jozi ninayoizungumzia ni zile glavu za sponji nzito iliyobanwa kwenye kalibu: ya kushoto bapa, ya kulia ina mkunjo wa kushikia gongo. Umbo hilo ndilo la viwanda vingi vinavyojulikana, OBO wa New Zealand wakiwemo, na wanachotofautiana ni ugumu wa sponji, mkato wa vidole na mikanda. Mimi naitumia kwenye viwanja vya udongo na majani hapa Unguja, si kwenye zulia la nyasi bandia, kwa hiyo alama ninazotoa ni za kiwanja cha aina hiyo. Ya kushoto naipa saba kwa kumi. Ya kulia naipa tisa. Nasema hivyo mapema kwa sababu makipa wengi wakiletewa glavu huigeuzageuza ya kushoto, wakaipiga ngumi, wakaisifu, halafu ya kulia huivaa tu kwa vile imo ndani ya begi.

Kwenye zulia lililomwagiwa maji, mpigaji wa kona fupi (ile adhabu ambayo mpira huanzia mstari wa nyuma kisha hupigwa golini) huuburuta mpira na kuurusha juu, na hapo kushoto ndiko kazi iliko. Kwetu mburuto huo hauendi vizuri. Mpira unaruka kwenye gongo kabla haujatoka. Matokeo yake wapigaji wengi hupiga shuti la kawaida, na kanuni inataka pigo la kwanza la namna hiyo kwenye kona fupi livuke mstari wa goli chini ya milimita 460, yaani usawa wa ubao wa goli. Mipira hiyo huja miguuni, au huguswa njiani na mshambuliaji mwingine ikageukia pembe ya chini ya goli. Pembeni ya mguu wa kulia, anayefika ni gongo. Gongo likichelewa au likisimama juujuu, glavu nzuri ya kushoto haikusaidii kitu.

Kwa hiyo jaribio la kwanza kabla hujatoa pesa ni hili. Vaa glavu ya kulia, kamata gongo, chuchumaa, kisha lilaze gongo chini pamoja na mkono. Mpira wa hoki una mzingo wa milimita 224 hadi 235, kwa hiyo kipenyo chake ni kama milimita 71 hadi 75. Ukiona nafasi ya vidole viwili chini ya gongo karibu na kiganja, kwenye sakafu utasema si neno. Lakini kiwanjani mpira unaodunda nusu hupanda juu ya gongo lililoinama, na ule unaotambaa hujibana hapo hapo kwenye nafasi. Glavu ninayoisifu ina sehemu ya chini iliyokatwa nyembamba upande wa kidole cha mwisho, gongo linalala karibu bapa. Nyingine nilizovaa zina kipande kinene cha sponji upande huo, kimewekwa kulinda kidole, na kweli kinakilinda, ila kinalinyanyua gongo. Heri kidole kiumie kidogo.

Jaribio la pili ni kifundo cha mkono. Ukiwa umelikamata gongo, lizungushe uso wake kutoka kushoto kwenda kulia kama unayempokonya mtu mpira kwa upande wa nyuma. Mkanda ukiwa mpana na umekaa juu ya mfupa wa kifundo, mkono haugeuki. Hili linaonekana zaidi kwenye yale mapambano ya mmoja kwa mmoja ya kuamua mshindi, ambapo mshambuliaji anaanzia mstari wa mita 23 na ana sekunde 8. Kipa asiyeweza kugeuza gongo haraka anazungukwa upande wa kulia. Jozi hii ina mkanda mwembamba uliokaa chini ya mfupa, na mkono unageuka.

Kasoro yake moja ipo kwenye kiganja. Kitambaa cha ndani kinaloa jasho mapema, na gongo linaanza kujizungusha mkononi. Dawa yake ni glavu nyembamba ya pamba ndani, na mpini uvikwe mkanda mpya wa kushikia badala ya ule uliokwisha kulainika. Usifunge mpira wa kuvutika wala kitanzi cha kulining'iniza gongo kwenye glavu. Nimeona watu wakifanya hivyo wakidhani ni ujanja. Kanuni hairuhusu glavu kuwa na kitu chochote cha kulishikilia gongo wakati mkono haujalikamata. Na kumbuka ruhusa ya kipa kutumia miguu, mikono na mwili ndani ya dii, yaani lile eneo la nusu duara mbele ya goli lake, inategemea kuwa na gongo mkononi. Likianguka, liokote kwanza.

Nakuja kushoto. Sponji hizi ziko za aina mbili: ngumu inayourudisha mpira mbali, na laini kidogo inayoufanya uanguke karibu. Jozi yangu ni ya ngumu, na hapo ndipo nilipokata alama. Mpira una gramu 156 hadi 163 na ni mgumu kama jiwe. Ukigonga uso bapa usiogeuzwa, unarudi katikati ya dii, na mshambuliaji wa pili anausubiri. Kwenye zulia mabeki huufikia mpira unaorudi kwa sababu unakwenda moja kwa moja. Kwetu unadunda mara mbili tatu, unakata kona, na kila mtu anabahatisha. Ningepewa kuchagua tena ningechukua laini kwa kushoto, na kulia ningebaki na hii hii.

Ukiwa na ngumu, badili mkono. Usiusukume mpira uendako. Kutumia mkono kuuondosha mpira kunaruhusiwa tu ikiwa ni sehemu ya kuokoa goli au kuuondoa mahali wapinzani wanapoweza kufunga, tena si kuupiga ukaenda mbali. Viganja viangalie mbele, viwiko viwe mbele ya mbavu, mikono iwe mahali unapoiona bila kugeuza shingo. Mpira ukija usawa wa kiuno hadi bega, ukutane nao mbele ya mwili na uinamishe ukingo wa juu wa glavu kidogo mbele ili mpira uteremke miguuni, halafu uupige kwa kika, ile kinga ya sponji inayovaliwa juu ya kiatu, kwenda pembeni. Ukija mbali na mwili, geuza uso wa glavu uelekee nje ya nguzo. Mpira ulioguswa na kipa ukatoka mstari wa nyuma hauleti kona fupi: mchezo unaanzia mstari wa mita 23, na mabeki wanapata muda wa kujipanga. Makipa wanaotoka kwenye soka huwa na shida hapa, vidole vyao vinataka kudaka. Glavu hii haidaki. Ukijaribu kuikunja unapunguza uso wake na mpira unaponyoka kwenye kidole gumba.

Kujirusha kulia chini: gongo linatangulia likiwa limelala, mkono wa kulia unafuata ukigusa ardhi, na glavu ya kushoto inakuja juu yake kuziba nafasi ya juu. Hapo ndipo sponji ya vidole vya kulia inapoliwa. Ardhi yetu ina changarawe, nayo husaga ukingo. Jozi yangu imechakaa sehemu hiyo, ila bado haijafika kwenye kitambaa.

Kuhusu vipimo, kanuni za FIH, shirikisho la hoki la kimataifa, zinataka glavu isizidi upana wa milimita 228 na urefu wa milimita 355, ikilazwa kiganja juu. Beba rula, hasa ukinunua ya mtumba, maana ziko za zamani zilizopita kiasi na nyingine zimetanuka kwa kulaliwa na pedi begini.

Kutanuka huko kunanileta kwenye joto, ambalo ndilo adui mkubwa. Sponji hizi za polietilini hazinywi maji, kwa hiyo mvua ya masika haiziharibu. Jua la kaskazi ndani ya gari lililofungwa vioo linaziharibu. Sponji inalainika, na ikipoa ikiwa imekandamizwa inabaki na umbo hilo. Glavu ya kushoto iliyoachwa chini ya begi zito siku ya jua hutoka imejikunja kama ng'onda, na uso uliojikunja unaupeleka mpira usipotaka. Ya kulia ikibanwa, mkunjo wa vidole unafumbuka na gongo halikai. Zipange juu kabisa ya begi, nyuso zikiangaliana, bila kitu kizito, na ukivuka bahari kwenda Wete au Mkoani usiache begi kwenye sitaha juani.

Osha kwa maji baridi yasiyo ya chumvi na sabuni ya kawaida kidogo, ndani zaidi kuliko nje, uzitundike kivulini penye upepo. Jasho likikaukia kwenye kitambaa, kinakuwa kigumu na kuanza kukatika kwenye mshono wa kidole gumba. Velkro, ile sehemu ya mkanda inayonatana, hufa kwa majani makavu na mchanga kuliko kwa umri. Ichokonoe kwa mswaki mkavu na uifunge kila unapomaliza mchezo. Ikikataa kabisa, mpelekee fundi viatu akushonee nyingine juu ya mkanda. Mwambie asibandike. Gundi ya viatu haikamati vizuri kwenye polietilini, inaonekana imeshika mpaka siku unapojirusha. Na asipitishe sindano kwenye uso wa sponji, kwa kuwa kila tundu ni mwanzo wa ufa.

Wenye mikono midogo, na vijana wanaoanza, wajaribu kwa kupunga mkono chini mara kadhaa wakiwa wamefunga mkanda. Glavu ikiteleza hadi kwenye vidole, hiyo ni kubwa hata kama urefu wake unavutia. Ya kulia ikiwa kubwa ni mbaya zaidi, kwani mkono unachoka kulibana gongo na ncha yake inaanza kushuka katikati ya kipindi. Maduka mengi ya nje huuza kila moja peke yake, kwa hiyo jamaa anayekuletea anaweza kuchukua namba ndogo kwa kulia na kubwa kwa kushoto. Pesa ikitosha moja tu, mimi nanunua ya kulia mpya, ya kushoto naendelea na ya zamani ilimradi bado iko bapa.