TAHADHARI: "Masta ya ABA miezi minne, BCBA garantii" hapa Mombasa. Kabla hujatuma pesa soma hii

Salaam jamaa zangu. Hii ni ndefu nisameheni, lakini nimeikalia wiki tatu kwa kuona haya, na sasa haya zimeisha manake nimeulizwa na watu wawili mbalimbali kuhusu kozi ile ile ya masta ya ABA (elimu ya kuchambua na kubadilisha tabia, inatumika sana kwa watoto wenye usonji), na mmoja wao keshatoa pesa kwenye chama anangoja Jumatatu aende kulipa. Jina la wenye kozi silitaji, mambo yako polisi na sitaki kesho niambiwe nimemchafulia mtu jina. Lakini nikieleza, wanaowajua watawajua tu.

Mimi ni shado ticha, mwaka wa tano huu. Kwa wasioijua hii kazi, nakaa na mtoto mwenye usonji darasani siku nzima, namsaidia afuate yale wenzake wanafanya, akizidiwa natoka nae nje tunazunguka mwembe mara tatu tunarudi. Kazi naipenda wallahi, mshahara ndio usiseme. Na kwenye hizi kazi zetu ukisikia mtu ana BCBA, kile cheti cha juu cha wataalamu wa ABA kinachotolewa na bodi ya Marekani, basi huyo ni mtu mwengine kabisa. Yeye ndio anakuja kumpima mtoto na kuandika programu, sisi tunafuata. Kwa hio nilivoona bango la masta ya ABA, miezi minne, jioni na wikendi, "unamaliza ukiwa BCBA", roho ilinidunda. Niliona nishatoka kwenye umaskini.

Ofisi iko ghorofa ya pili juu ya duka la mapazia, AC inakugandisha, na ukutani kuna picha sita za wahadhiri zimewekwa fremu za dhahabu, kila mmoja "Dkt." mbele na BCBA-D nyuma, yaani BCBA mwenye udaktari. Pembeni kuna cheti cha serikali chenye nembo na muhuri. Jamaa wa mapokezi, kijana mpole sana, akanionyesha kile cheti kwa kidole, "dadangu sisi tumesajiliwa, hatufanyi mambo ya gizani." Mimi nikaona nembo nikatulia. Nilikipiga picha hata, nikamwonyesha dadangu. Ni juzi tu ndio nimekivuta kwenye simu nikasoma herufi ndogo: ni cheti cha kusajili JINA LA BIASHARA. Kile kile alichonacho shangazi yangu Kisauni cha kuuza mahamri. Cheti cha jina la biashara hakikupi ruhusa ya kutoa digrii hata ya siku moja. Hapa Kenya wenye kuidhinisha vyuo vikuu ni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, ile CUE ya Gigiri, na orodha yao iko wazi kwenye tovuti, na kama digrii ni ya chuo cha nje ni hao hao CUE wanaoitambua na kuilinganisha. Hawa niliwatafuta kwenye orodha kutoka A mpaka Z, hawamo. Kile chuo cha nje walichosema wanashirikiana nacho, nacho sikukipata popote isipokuwa kwenye broshua yao wenyewe.

Nililipa 12,000 za usajili, alafu 60,000 sehemu ya ada. Kwa till ya M-Pesa. Na nilivobonyeza jina likaja la duka la vipodozi, nikauliza, nikaambiwa ni till ya mke wa mkurugenzi ile ya shule ina matengenezo. Nikabonyeza namba ya siri. Mnicheke tu.

Masomo yalikuwa kwenye Zoom, Jumanne na Alhamisi usiku. Mhadhiri hawashi kamera hata siku moja, "mtandao wa huku Marekani leo mbaya", na nyuma yake nasikia adhana. Adhana ya isha, saa ile ile inayosikika kwangu Tudor. Kwa Marekani hio ingekuwa mchana mchana. Nikasema labda kaweka redio. Mtu akishalipa anajitafutia mwenyewe visababu, nimejifunza hilo.

Lakini kilichoanza kunikwaruza kweli ni somo la wiki ya tatu. Alikuwa anafundisha mambo ya kuimarisha tabia, akasema uimarishaji hasi ni adhabu, mtoto akikosea unamchapa au unamnyima kitu. Sasa mimi ata hio masta sina lakini nilifanya mafunzo ya saa 40 miaka ile, na jambo la kwanza tulilopigwa nalo kichwani ni kwamba uimarishaji hasi SIO adhabu. Ni pale kitu cha kero kinapoondoka, na kwa sababu kimeondoka, kile ulichofanya utakifanya tena. Mtoto analia kwenye matatu ya Bamburi, watu wote wanakuangalia, unampa simu, ananyamaza. Kero imeondoka, kesho utampa simu tena bila kufikiri. Hapo alieimarishwa kwa njia hasi ni wewe mama, mtoto yeye kapata simu yake. Ndio mfano tuliopewa na sijausahau. Huyu daktari wa BCBA-D haujui. Nikainua mkono nikamuuliza, akasema "hio ni nadharia ya zamani." Alafu akaendelea kutufundisha kumnyima mtoto chai mpaka aseme neno, na wenzangu wanaandika kwenye daftari. Kuna watu watatu kwenye lile darasa wana watoto wa kuwahudumia kesho yake asubuhi. Hapa ndio pananiuma kuliko pesa.

Ata hivyo sikutoka. Nikangoja mwezi wa nne manake nilitaka cheti.

Alieniokoa ni mama wa mtoto ninaemshika. Tulikuwa tumesimama nje ya shule tunakula viazi karai, namsimulia kwamba karibu nitakuwa BCBA, akaniangalia akasema, "Ticha, mimi kabla sijamkubali mtu kwa mwanangu huwa namtafuta kwenye rejista. Walimu wako umewatafuta?" Rejista gani. Kumbe ile bodi ya Marekani, BACB, ilioanzishwa 1998 na inayotoa hivyo vyeti, ina rejista kwenye tovuti yao, mtu yeyote anaingia bure anaandika jina inamwambia huyu ana cheti gani, kiko hai ama kimeisha, na kama aliwahi kuadhibiwa. Dakika mbili. Miezi minne nimekaa nayo hio simu mkononi.

Basi palepale, mkono mmoja una ukwaju, nikaanza na zile picha sita. Wanne hawamo kabisa. Wa tano jina limo lakini ni RBT, na RBT ni ngazi ya chini, unaingia na cheti cha sekondari na mafunzo ya saa 40 na mtihani, na unatakiwa ufanye kazi chini ya usimamizi wa mtu mwenye cheti cha juu. RBT hawezi kukusimamia zile saa za kazi unazotakiwa kuwa nazo kwa BCBA wala kukutia sahihi. Wa sita, yule mama wa miwani kwenye fremu ya katikati, jina limo na BCBA-D ni ya kweli, yuko Marekani. Nikamtafuta kwenye tovuti ya chuo anachofundisha, nikamwandikia imeili kwa Kiingereza changu cha kuombea kazi. Alijibu siku ya pili. Hajawahi kuwasikia hawa watu, hajawahi kufundisha Kenya, na ile picha si yake. Jina lake, sura ya mtu mwengine.

Nikarudi kwenye broshua sasa na macho mapya. Imeandikwa "tumeidhinishwa na BACB tangu 1994." Bodi yenyewe imeanza 1998! Waliidhinishwa na bodi haijazaliwa. Na hio bodi kazi yake ni kupima watu mmoja mmoja, wenye kutoa ithibati kwa programu za vyuo ni wengine, jumuiya ya wataalamu wa ABA inayoitwa ABAI. Kwa hio mtu akikwambia chuo chake kina "ithibati ya BACB" muulize vizuri anamaanisha nini, uone atakavyokoroga.

Nilienda ofisini siku hio hio na sikusema kitu, nikajifanya nimekuja kulipa lile salio la mwisho, 38,000, wao wanaiita "ada ya bodi". Kijana akafurahi akanitolea fomu yangu ya saa za usimamizi. Kwa BCBA unatakiwa uwe na digrii ya masta, masomo yanayokubalika, na saa 2,000 za kazi chini ya supavaiza, ama 1,500 kama ni ule mpango uliokazwa zaidi. Fomu yangu ilikuwa tayari ishajazwa, 2,000 kamili, sahihi ya "supavaiza" chini, kalamu ya bluu, mwandiko mmoja kurasa zote. Hakuna mtu hata mmoja aliekuja kuniona nikifanya kazi. Nikapiga hesabu mbele yake: miezi minne ni siku 120, elfu mbili gawanya kwa 120 ni karibu saa 17 kila siku, Ijumaa ndani, Jumapili ndani, na siku ya Idd mumenijazia saa 17 pia. Nilikuwa nakula pilau Likoni siku ile. Akacheka akasema "dadangu hayo ni makaratasi tu."

Nikamuuliza mtihani. Akasema utafanyika hapa hapa ofisini, maswali 50, na wanasaidiana. Mtihani wa kweli ni maswali 185, saa nne, kwenye vituo vya mitihani vya Pearson VUE, kitambulisho mkononi.

Alafu nikauliza lile kubwa, na hili tafadhali lishikeni manake ndio linaua hadithi yote hata kama kila kitu chengine kingekuwa sawa. Kutoka tarehe 1 Januari 2023 BACB haipokei maombi mapya ya mtu anaeishi Kenya. Si sisi peke yetu, ni karibu dunia nzima, nchi walizobakisha ni chache mno, Marekani ikiwemo. Waliopata kabla ya hapo ni habari nyengine. Kwa hio hakuna, hakuna, mtu hapa Mombasa anaeweza kukuahidi leo kwamba ukimaliza kozi yake ukikaa hapa hapa utakuwa BCBA. Nikamwambia hivo. Hakushtuka hata. Akafunga mlango akasema, "Hilo lisikusumbue, tunaandika anwani ya ndugu yetu Minnesota." Yaani nianze kazi ya kuaminiwa na watoto wa watu kwa kudanganya bodi mahali ninapoishi, na siku ikijulikana jina linaloungua ni langu, wao hawapo.

Nikamwambia naenda kutoa pesa kwa M-Pesa hapo chini nakuja. Sikurudi.

Mtauliza sasa mtu afanye nini kama anaitaka hii kazi kwa kweli. Kuna mashirika mengine ya vyeti yanayopokea watu wa nje ya Marekani, IBAO na QABA, nao wana ngazi zao za chini na za juu, masharti yao na mitihani yao, yasomeni kwenye tovuti zao wenyewe, sio kwenye bango. Na digrii, kabla ya senti ya kwanza, andikia CUE uulize. Jina la kila mwalimu liombe kamili, ulitafute, na ukilipata mwandikie mwenyewe kupitia chuo chake. Mwalimu wa kweli hakasiriki ukimuuliza, yule mama wa Marekani alinishukuru.

Na wazazi, nyinyi ndio mnaopelekewa hao "BCBA wapya". Kuna waliomaliza pale kabla yangu, wana vyeti vimepigwa laminesheni, wako majumbani kwa watu Nyali mpaka Mtwapa wanawanyima watoto chai. Wengine wenyewe hawajui wamedanganywa. Muulizeni kwa upole jina lake kamili, tafuteni kwenye rejista mbele yake, kama hayumo ongeeni nae. Sisemi mumfukuze, mimi mwenyewe ningekuwa mmoja wao.

Pesa yangu sijaipata. Kuomba muamala urudishwe nilichelewa, miezi ilishapita. Polisi nimeandikisha, namba ya OB ninayo, na askari aliniambia wazi kwamba mtu mmoja na 72,000 ni kesi ndogo, tukiwa kumi inakuwa kubwa. Kwa hio kama ulilipa kwenye till yenye jina la duka la vipodozi, usifute zile meseji, nitafute inboksi, Alhamisi tunaenda tena pamoja. Usione haya, mimi nimeandika mpaka ya pilau hapa.

Ofisi ya juu ya duka la mapazia imefungwa wiki iliopita, fremu zimetolewa, zimebaki misumari. Lakini jana nimepita Bombolulu nikaona bango jipya kwenye nguzo ya stima, rangi ile ile, jina jengine, sasa ni miezi mitatu. Na yule mama wa miwani yumo, katikati vile vile. Safari hii wamemwita jina jengine.