Miezi saba na ChoiceScript: kujenga imani na usaliti katika mchezo wa majambazi

Kwa miezi saba sasa nimekuwa nikiandika, nikiwa nyumbani kwetu Langoni, Lamu, mchezo wa hadithi kuhusu genge la wauza pombe ya magendo mjini Chicago katika miaka ambayo pombe ilipigwa marufuku Marekani, yaani 1920 hadi 1933. Chombo nilichokitumia ni ChoiceScript, lugha ya programu ya kampuni ya Choice of Games. Hadithi huandikwa katika faili la maandishi matupu, amri zake huanza kwa alama ya nyota, na Kiswahili kinakubalika bila taabu. Kuitumia ni bure, ila anayetaka kuuza mchezo wake sharti apate kibali cha kampuni hiyo.

Kilichonivutia zaidi ni namna inavyohesabu mahusiano. Kila mhusika nimempa namba kati ya 0 na 100 inayoonyesha anavyomwamini mchezaji. Ukiongeza imani kwa asilimia 20 kwa hesabu maalumu ya lugha hii, kinachoongezeka ni sehemu ya tano ya nafasi iliyobaki kufikia 100. Ukipunguza, kinachotoka ni sehemu ya tano ya imani iliyokwisha kujengwa. Dereva mwenye imani ya 90 hupanda hadi 92 tu kwa hisani moja, lakini akivunjwa moyo mara moja huporomoka hadi 72. Ndivyo tulivyo wanadamu, na nilifurahi mno kuona jambo hilo limewekwa ndani ya hesabu.

Haikuwa hivyo mwanzoni. Katika rasimu ya kwanza machaguo yangu yote yaligusa fedha na silaha tu, hadi siku mpwa wangu alipoucheza mchezo akiwa amekaa dakani, akainua kichwa na kuniuliza: "Mjomba, nimemuua nduguye, mbona bado ananiendesha kama kawaida?" Sikuwa na jibu. Nilirudi nikaandika upya sura tatu nzima.

Mhusika niliyemhangaikia kuliko wote ni mhasibu wa genge. Al Capone, jambazi mashuhuri wa Chicago wa enzi hizo, alitiwa hatiani mwaka 1931 kwa kukwepa kodi, akahukumiwa kifungo cha miaka 11, na kwa sababu hiyo niliamua kwamba hatima ya mchezaji iwe katika daftari na wala si katika bunduki. Kila mchezaji anapomdharau mhasibu mbele ya wenzake, imani yake hupungua kimya kimya. Ukurasa wa takwimu unaonyesha imani ya dereva, lakini ya mhasibu nimeificha, kwa kuwa kikulacho ki nguoni mwako, na mchezaji akiiona namba atamtunza mhasibu kwa ajili ya namba tu.

Kazi ngumu ni nafasi tupu za mwanzo wa mstari, maana nafasi moja ikikosewa chini ya chaguo, mchezo husimama. Hapo husaidia kijaribio chake, ambacho hucheza hadithi chenyewe kwa kubahatisha mara maelfu na kuonyesha kila mstari umefikiwa mara ngapi. Ndicho kilichonionyesha kwamba tukio la usaliti halikufikiwa hata mara moja: nilikuwa nimeweka kwamba mhasibu asaliti imani yake ikishuka chini ya kikomo cha 20, ilhali mhasibu huanza na 50 na nafasi za kumdharau zilikuwa tatu tu, ambazo humshusha hadi 26 hivi. Nilipandisha kikomo hadi 35, na sasa dharau mbili zinatosha.

Wiki iliyopita mpwa wangu aliucheza tena. Alipofika sura ya nane akakuta mkaguzi wa kodi ameketi na daftari mkononi, alinyamaza kwa muda, kisha akaomba nimrudishe sura ya pili, kwenye karamu ambako alikuwa amemcheka mhasibu.