Maoni ya mteja asiyevua: duka la zana za uvuvi, Mwaloni Kirumba

Nimekuwa mteja wa duka hili tangu mwaka 2023, na sina mtumbwi, sina wavu majini, sijawahi kuuza hata kilo moja ya sangara. Natengeneza filamu ya vikaragosi, ile ya kupiga picha moja moja: unasogeza mkono wa kikaragosi kidogo, unapiga picha, unausogeza tena, unapiga nyingine, na picha 12 zikikimbizwa ndani ya sekunde moja kikaragosi anatembea. Naandika kwa sababu naona wenzangu hapa Mwanza wakiagiza vifaa Dar es Salaam au China na kusubiri miezi, wakati nusu ya wanachokitafuta kinauzwa Mwaloni, hatua chache kutoka kwenye magunia ya dagaa. Duka halina kibao. Tafuta mlango wenye maboya meupe yaliyotungwa kama shanga, na karabai moja kuukuu inayoning'inia juu yake. Mwenyewe ni mama mtu mzima, na mara nyingi yupo na kijana wake.

Niseme kwanza filamu yenyewe inahusu nini, la sivyo manunuzi yangu hayataeleweka.

Mwaka 2011 nilikuwa chuoni, na jioni nilikuwa nashinda kwenye kafe ya intaneti mjini nikicheza gemu iliyoitwa Glitch. Haikuwa gemu ya kupigana. Unaingia kwenye dunia inayoitwa Ur, dunia iliyomo ndani ya mawazo ya majitu 11, na kazi yako ni kuishi humo. Unapanda miti, unapika. Unambembeleza nguruwe mpaka akubali umng'ate kipande cha nyama, naye anabaki mzima. Unamminya kuku unapata nafaka. Kipepeo unampaka losheni, unamkanda, ndipo unamkamua maziwa. Ilikuwa inafunguka polepole sana kwa intaneti ya wakati ule, lakini ikishafunguka nilikuwa sitaki kunyanyuka. Siku moja nilikuwa nimeishiwa nguvu kabisa, nakaribia kufa na kupelekwa Naraka, yaani kuzimu ya gemu ile, akapita mtu nisiyemjua, akaniachia chakula, akaendelea na safari yake. Hakuandika hata neno.

Gemu ilizinduliwa rasmi Septemba 27, 2011, ikafungwa Desemba 9, 2012. Kwetu ilikuwa sikukuu ya Uhuru. Watu wanatoka kwenye sherehe, mimi nimekaa kafe naaga nchi ambayo hakuna aliyekuwa anaijua pale ndani. Kampuni iliyoitengeneza, Tiny Speck, ilikuwa imejiundia chombo chake cha kuwasiliana wakati wa kazi, na chombo hicho ndicho kilichokuja kuwa Slack, kinachotumiwa na maofisi duniani kote. Mimi nawaheshimu kwa jambo jingine. Novemba 2013 waliitoa michoro ya gemu pamoja na sehemu kubwa ya kodi zake, yaani maandishi ya programu yanayoiendesha, kwa umma, mtu yeyote atumie bila kuomba ruhusa. Kuna mashabiki waliopokea zawadi ile wakaanza kuijenga gemu upya. Mimi kuandika programu siwezi, ila kuchonga nimechonga tangu utotoni. Nikaamua Ur niijenge juu ya meza, chumbani kwangu Pasiansi. Filamu itakuwa ya dakika 11, dakika moja kwa kila jitu, maana yake picha 7,920. Hadi wiki hii nimefika dakika 4 na sekunde 20, sawa na picha 3,120.

Sasa duka.

Kitu kilichoniingiza humo mara ya kwanza ni taa. Kwa filamu za aina hii mwanga lazima ukae vilevile kutoka picha ya kwanza hadi ya mwisho, hata kama kati yake umekunywa chai na kulala. Nyumbani kwangu hilo halikuwezekana. Jirani ana karakana ya kuchomelea mageti, na kila akigusisha chuma umeme unashuka, taa yangu inafifia kidogo sana. Macho hayaoni. Kamera inaona. Ukiziunganisha picha, chumba kizima kinapepesa kama kuna radi nje. Nilitupa sekunde 31 za kazi kwa sababu hiyo, na nilikuwa nimekaribia kuacha.

Basi jioni moja nimesimama ufukweni naangalia mitumbwi ya dagaa ikitoka, kila mmoja na taa zake, nikajiuliza wale wanapata wapi mwanga usiotegemea nguzo ya umeme. Kesho yake nilikuwa dukani. Wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa. Zamani ilikuwa karabai za mafuta, siku hizi wengi wanatumia taa za LED zinazowaka kwa betri. Nikamweleza mama shida yangu. Hakunicheka, wala hakuharakisha kuniuzia. Alimwita kijana: "Mletee kaka yako zote tatu, aziwashe azione."

Tulizifunga kwenye betri palepale juu ya meza ya kuuzia. Nilielekeza simu kwenye taa ya kwanza, kwenye kioo ikaja mistari myeusi inayotembea. Ya pili vilevile. Hizo zinawaka na kuzima kwa kasi ambayo jicho haliikamati, mvuvi hazimsumbui, dagaa hawalalamiki, lakini kwa kamera ni hasara tupu. Ya tatu, ya wati 9, ilitulia kabisa. Bado sikuamini. Nikaomba iachwe ikiwaka juu ya karatasi nyeupe, nipige picha kila baada ya dakika tano. Mama akanisogezea ndoo nikakaa. Kwa saa mbili wateja walikuwa wanapita pembeni yangu, wengine wananisalimia "mwangaluka", wengine wanauliza kama mimi ni mtu wa serikali nimekuja kukagua. Picha ya kwanza na ya 24 nilizilinganisha kwenye kompyuta usiku ule. Weupe ulikuwa mmoja.

Taa nilinunua shilingi 35,000. Ninayo betri ya volti 12, ampea-saa 20, na kwa taa moja ya wati 9 inanipa usiku mzima wa kazi bila kushuka chini ya nusu. Usiishushe zaidi ya hapo, betri za asidi zikizoea kukaushwa zinakufa mapema. Mbele ya taa natundika kipande cha shuka jeupe la mtumba ili vivuli vilainike.

Tatizo ni kwamba taa ya kuvutia dagaa inavuta na vingine. Mtu wa Mwanza anajua yale mawingu ya wadudu wadogo yanayopanda kutoka ziwani kama moshi wa kiwanda. Yakifika nchi kavu jioni na wewe umewasha taa, kwisha. Mdudu mmoja akitua kwenye paji la uso la kikaragosi kwa picha moja tu, kwenye filamu anaonekana kama doa linaloruka. Meza yangu yote sasa iko ndani ya chandarua cha kitanda cha watu wawili, mimi na mpwa wangu tunafanya kazi tukiwa humo ndani na joto lake.

Cha pili ni maboya, yale ya povu jeupe lililoshindiliwa. Haya nayasifia bila kujizuia. Povu la kawaida la kwenye maboksi ya runinga ukilikata linamwaga punje na linakatika ovyo. Boya la nyavu limetengenezwa livumilie maji, kamba na kugongwa na mtumbwi, kwa hiyo kisu kinapita kama kwenye sabuni ya mche na ukingo unabaki msafi. Vichwa vyote vya wakazi wa Ur nimevichonga humo. Ukubwa mdogo nauziwa shilingi 500. Tundu la kupitishia kamba lililopo katikati ndilo linalopokea waya wa shingo, hutoboi chochote. Vipimo nilivichukua kwenye michoro ileile iliyotolewa mwaka 2013, nikaichapa, nikaipima kwa rula. Majitu nayo ni maboya, yale makubwa, isipokuwa wawili. Zille, jitu la milima, ni jiwe halisi nililolibeba kutoka ufukweni, na nadhani hakuna mji duniani uliomfaa zaidi ya huu wetu wa mawe juu ya mawe. Grendaline, jitu la maji, bado namtafutia umbo.

Mshipi wa nailoni, ule mwembamba unaopitisha mwanga, ndio unaobeba vipepeo. Hapa nataka nieleze kipande kimoja cha filamu.

Ni kile cha kukamua. Sekunde 8, picha 96, kilitumia usiku mbili. Kipepeo ana mwili wa boya na mabawa ya karatasi iliyopakwa nta, ananing'inia kwa mishipi miwili kutoka kwenye fito. Chini yake amesimama mkazi mdogo wa Ur mwenye ndoo ya kizibo cha soda. Mara ya kwanza nilitumia mshipi mmoja, na kila nikipumua kipepeo anazunguka. "Mjomba, amegeuka tena," mpwa wangu ananiambia, na kweli amegeuka. Nilirudi dukani, kijana akanionyesha namna wanavyofunga ndoano isizunguke: nyuzi mbili zikitoka pembe mbili, zikakutana chini kama herufi V. Kipepeo akatulia. Mng'ao wa mshipi niliupunguza kwa kuupaka chaki, na uliobaki nikaufuta kwenye kompyuta kwa kutumia picha ya ukuta mtupu niliyoipiga kabla ya kuanza. Usiku wa pili, karibu saa tisa, tone la kwanza la maziwa, punje ya gundi nyeupe, likafika kwenye ndoo. Mpwa wangu alirudia kuliangalia mara sita. Hajawahi kuicheza gemu ile, ilifungwa kabla hajazaliwa.

Vitu vingine nitavipita haraka. Risasi za kuzamishia nyavu zinafaa kwa nyayo, kikaragosi hapinduki. Vipande vya wavu wa dagaa ukivipaka gundi na unga wa mbao vinakuwa majani ya miti. Uzi wa kushonea nyavu ni imara, nywele zote nimezitoa humo.

Waya usinunue hapa. Walikuwa nao wa chuma, mgumu, ukiukunja unarudi ulikotoka, na kikaragosi anayerudisha mkono mwenyewe hafai. Nilichukua kwa sababu nilikuwa na haraka, viwiko vyote vya kikaragosi wa kwanza vikanishinda. Tafuta waya laini wa alumini kwa wauza vyuma chakavu, usokote nyuzi mbili au tatu pamoja, na uwe na akiba, kwa kuwa hata huo ukikunjwa mara nyingi unakatika.

Duka nalipa nyota 4 kati ya 5. Nyota moja nimeitoa kwa mambo mawili. Bei hazijaandikwa popote, na kijana akiwa peke yake bei inapanda. Nimelipa boya lilelile 500 na 800 ndani ya mwezi mmoja. La pili, taa niliyonunua kama akiba ilizimika baada ya wiki tatu, katikati ya kipande kirefu, nikapoteza picha 90. Waliibadilisha, ndiyo, ila ilinibidi nirudi mara tatu kwa sababu kijana alisema bidhaa ikishawashwa hairudi. Mama alipokuwepo jambo liliisha kwa dakika mbili. Kwa hiyo nenda akiwepo mama.

Wakati mzuri wa kwenda ni mwezi ukiwa mpevu. Usiku wa mbalamwezi taa hazivuti dagaa vizuri, mitumbwi mingi inapumzika, na duka linakuwa tulivu. Giza likirudi utasukumana na wavuvi wenye haraka ya kweli, na si haki kumkalisha mtu anayetaka kuingia ziwani ili wewe upime povu.

Jambo la mwisho ni kuhusu mama mwenyewe. Mwaka jana aliniuliza haya maboya yote nayapeleka wapi. Nikamwonyesha kwenye simu dakika mbili za filamu, nikamweleza habari ya Ur. Aliangalia hadi mwisho bila kusema kitu.

"Kwa hiyo hiyo nchi haipo tena?"

"Haipo, mama. Iliisha mwaka 2012."

"Na watu wake?"

"Tulitawanyika."

Alikaa kimya kidogo, kisha akamwambia kijana ashushe fungu la juu, lile ambalo halijapigwa na jua, nichague mwenyewe. Tangu siku hiyo kila mzigo mpya ukifika ananitengea maboya makubwa yasiyo na ufa. Yamebaki mawili kukamilisha idadi, la Pot, jitu la mapishi, na la Tii, jitu la hesabu. Jumamosi nayafuata.