Svalbard ni nzuri, ila yule dada wa mabuti nitamsimulia mpaka nazeeka

Nimeishi Norway miaka kumi na moja, na mitatu ya mwisho nilikuwa nadunduliza hela za zamu za usiku ili mimi na wifi yangu tupande meli ya kwenda Svalbard, visiwa vya Norway vilivyo kaskazini kabisa, kuona barafu na dubu weupe. Tumeenda, tumerudi. Habari za vyumba na chakula siandiki, hizo wenye meli wamezijaza wenyewe kwenye tangazo lao. Mimi nataka kuongelea mabuti.

Kabla ya safari walitutumia fomu ya kujaza saizi ya mabuti ya mpira, kwa kuwa fukwe nyingi za kule hazina gati. Unapanda boti ya mpira, ikifika ufukweni unashuka unakanyaga maji. Nikajaza 38. Asubuhi ya siku ya pili, au ya tatu (ilikuwa mwanzoni mwa mwezi wa saba, jua halizami, siku zinaungana tu), tukaambiwa tunashuka Smeerenburg. Nafika stoo, dada aliyekuwa zamu ananisukumia 42. Nikamwambia, dada, haya si yangu. Hata macho hakuinua. "Ndiyo yaliyobaki. Vaa soksi tatu." Nikasema nitaanguka. Ndipo akaniangalia juu mpaka chini: "Soksi zitakusaidia. Baridi hii hujaizoea, kwenu ni joto."

Kwetu ni Makete, milimani Njombe, Tanzania. Mtu wa Makete anaambiwa hajui baridi! Mwezi wa sita na wa saba kwetu unaamka majani ya viazi yameungua kwa sakitu, mama anavunja ganda la barafu kwenye ndoo ndipo anawe uso. Nilitaka nimweleze yote hayo, kwa Kinorwe, kwa sauti. Wifi akanivuta mkono: "Wifi, achana naye, boti inaondoka." Nikavaa soksi tatu.

Smeerenburg ndiko Waholanzi wa karne ya 17 walikokuwa wakichemshia mafuta ya nyangumi, na masalia ya matanuri yao bado yapo mchangani. Waongozaji wanatangulia na bunduki begani, wanakagua kama kuna dubu, wakiridhika ndiyo wanaita boti. Na ufukweni wapo walrasi, wale sili wakubwa wenye meno mawili kama pembe za ndovu, wamelaliana kama magunia ya viazi gulioni. Waliwindwa Svalbard mpaka wakakaribia kwisha, wakaanza kulindwa mwaka 1952. Haya yote amenisimulia wifi, maana mimi sikufika.

Nilishusha mguu wa kulia majini, mguu ukaja, buti likabaki. Nimesimama kwenye bahari ya Aktiki na soksi tatu! Mwongozaji akalivuta buti lililonasa chini ya boti, likapasuka kisigino, nami nikarudishwa melini na boti ileile. Nilichoambulia ni harufu, zizi na samaki waliooza kwa pamoja, na walrasi mmoja aliyekuwa anajikuna tumbo taratibu kwa kikono chake, kama baba mkubwa aliyeshiba ugali. Nyota moja. Saa ile hata hiyo moja niliiona nyingi.

Mchana, kaka Mfilipino anayesafisha vyumba aliona soksi zangu zimeanikwa bafuni, akaniuliza kulikoni. Dakika tano hazijaisha amerudi na mabuti yake mwenyewe, 39, ameshayaosha kwa ile dawa ambayo kila buti lazima lipitishwe ili lisipeleke mbegu za kigeni ufukweni. Huyo nampa nyota tano zake peke yake, kampuni isizidandie.

Basi tukaenda Monacobreen, ukuta wa barafu ya buluu uliopewa jina la Albert wa Kwanza, mtawala wa Monaco aliyegharamia utafiti kule. Boti ikazimwa injini. Vipande vya barafu vinaelea pembeni yetu vinalia, pwa, pwa, kama bisi za mwisho mwisho sufuriani: ni hewa ya kale iliyobanwa humo ndani inatoka. Niliokota kimoja cha ngumi moja nikakiweka sikioni mpaka sikio likafa ganzi. Mara ukuta ukameguka. Tuliona kwanza, kipande kinashuka kimya kabisa, mlio wa radi ukafuata, na ndege wakajaa pale maji yalipovurugika. Wifi alilia. Mimi nikasema yaishe, nyota tano.

Usiku tuko mezani, spika ikaita: dubu! Sahani tukaziacha. Tangu 2025 sheria inataka mkae mita 300 kutoka kwa dubu, na 500 kuanzia Machi hadi mwisho wa Juni, kwa hiyo kwa macho ni kidoa tu cha rangi ya siagi. Wengine walinuna kwa ajili ya picha zao. Hapo naitetea kampuni, nahodha hakusogea hata kidogo. Kwenye darubini nilimwona yuko kisiwani anapekua viota, anakula mayai, na ndege wanamrukia kichwani wala hana habari.

Ningeishia hapo. Siku ya kushuka Longyearbyen, mji mkuu wa Svalbard, wakanipa bili: mabuti jozi moja, yameharibiwa na abiria. Abiria! Na nani yuko pale mapokezi? Yuleyule. "Umesaini kwamba umepokea 42." Nililipa, ndege ilikuwa hainisubiri.

Nyota mbili. Wifi anasema tatu, kwa ajili ya dubu. Haya, mbili na nusu, na nikipata hela narudi, hata kwa meli hiyohiyo kama yule kaka bado yupo. Mabuti nimeyabeba yote mawili, si nimeyalipia? La kushoto ni zima kabisa. Mwenye mguu wa 42 aseme.