Uzoefu wangu: kliniki ya meno Tanga ambayo haiagizi picha ya pande tatu ovyo

Ninaandika kwa ajili ya wazazi wenzangu wa Tanga wanaofikiria kuwafunga watoto nyaya za meno, kwa sababu siku hizi hata kwenye benchi la kusubiria daktari swali ni lile lile: mtoto apigwe picha ya pande tatu, yaani eksirei inayoonyesha meno na taya kwa kina chake na si kwa ubapa tu, au asipigwe? Kliniki iliyowatibu wanangu wawili ipo Chumbageni, na daktari bingwa wa kupanga meno huja pale kwa zamu. Ninaisifu kwa jambo moja kuliko yote mengine: mtoto wangu mmoja alinyimwa picha hiyo na mwingine akaandikiwa, na mara zote mbili nilielezwa sababu nikaielewa.

Wa kwanza kutibiwa alikuwa kaka mtu, ambaye meno yake ya mbele yamesongamana kwa kukosa nafasi. Alipigwa panorama, ile picha moja inayoonyesha taya zote mbili, na picha ya kichwa kwa ubavu, kisha akang'ata udongo wa kuchukulia umbo la meno. Nilipoomba aongezewe na ya pande tatu ili tumalize kazi kwa mara moja, Dokta alinijibu kwa upole, "Mama, picha hiyo ikija, mimi nitabadilisha nini?" Meno yote yalikuwa yameota, mizizi ilionekana mizima, na taya hazikuwa zimepinda. Kwa hali hiyo mpango ungebaki ule ule, na mtoto angekuwa ameongezewa mionzi bure.

Kuhusu mionzi hakututia hofu wala hakuipuuza. Alitueleza kwamba panorama kwa kawaida huwa na takriban milisivati (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) 0.01 hadi 0.03, ilhali picha ya pande tatu yaweza kuwa na mara kadhaa ya kiasi hicho, kutegemea mashine na ukubwa wa eneo linalopigwa. Mionzi ya asili, itokayo ardhini, angani na hata katika chakula, humfikia binadamu kwa wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka, kwa hiyo picha moja si jambo la kumkosesha mtu usingizi. Hata hivyo mwili wa mtoto unaokua huathirika na mionzi kwa urahisi kuliko wa mtu mzima, na ndiyo maana mwongozo wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2012, pamoja na ule wa wataalamu wa radiolojia ya kinywa wa Marekani wa mwaka 2013, hautaki picha hii ipigwe kwa mazoea kwa kila anayefungwa nyaya.

Kwa binti yangu mambo yalikuwa tofauti. Alikuwa ametimiza miaka kumi na miwili na jino la chonge la utoto, juu kushoto, halijatikisika hata kidogo. Dokta alipitisha kidole juu ya ufizi: kulia kilikuta kivimbe cha jino la ukubwani linaloshuka, kushoto kikateleza pasipo kugusa kitu. Alisema kivimbe hicho hutarajiwa kupapaswa tangu miaka tisa au kumi, kwamba chonge za juu hukwama kwa mtu mmoja au wawili katika kila mia, na kwamba wasichana hupatwa zaidi. Panorama ilithibitisha kuwa jino limelala mshazari, ila haikuonyesha kama lipo upande wa mdomo au wa kaakaa.

Hata hapo hakukimbilia mashine kubwa. Alipiga picha mbili ndogo, ya pili akiwa amesogeza mashine kidogo kuelekea nyuma, na kivuli cha jino kikasogea upande ule ule ilikosogea mashine. Maana yake ni kuwa jino lipo kwenye kaakaa. Lingekuwa upande wa mdomo, kivuli kingekwenda kinyume. Nililishuhudia hilo kwa macho yangu mwenyewe na nilivutiwa sana. Kilichomfanya aandike barua ya kwenda Dar es Salaam kupigwa picha ya pande tatu ni kwamba mzizi wa jino la jirani ulionekana na ukungu ubavuni, na picha bapa haiwezi kueleza kama huo ni mzizi ulioliwa au ni vivuli viwili vilivyolaliana. Barua ilitaja eneo dogo tu, mbele ya taya ya juu, na ilitaka picha ipigwe kabla ya nyaya kufungwa, maana chuma huchafua picha kwa michirizi.

Upigaji wenyewe ni wa sekunde chache: mtoto huweka kidevu mahali pake, hutulia, na mashine humzunguka kichwa. Majibu yalibadilisha mpango kweli. Mzizi wa jirani ulikuwa umeliwa kidogo, kwa hiyo jino lililokwama lilivutwa kwanza kuelekea nyuma, likaondoka kwenye ule mzizi, ndipo likaelekezwa mahali pake. Na daktari wa upasuaji alijua tangu mapema afungulie ufizi wapi.

Malalamiko ninayo. Kituo kilichopiga picha, ambacho sitakitaja, kilitupa sidii bila programu ya kuifungulia na bila ripoti ya maandishi, ikabidi tuanze kupigiana simu na huku Dokta anasubiri. Kliniki nayo haikututajia gharama ya picha mapema, na kwa familia inayolipa fedha taslimu jambo hilo si dogo. Anayetumwa na aulize bei kabla ya kupanda basi, na asiondoke dirishani mpaka apewe ripoti iliyosainiwa na sidii ijaribiwe mbele yake.