Waranti ya ziada ya gari: ipi inunuliwe, ipi iachwe

Ukishakubaliana bei ya gari, kabla hujakabidhiwa funguo, muuzaji atakuwekea karatasi nyingine mezani: waranti ya ziada, yaani mkataba unaoulipia ili gari litengenezwe likiharibika baada ya waranti ya kiwandani kwisha. Usisaini siku hiyo. Waranti ya kiwandani ya gari jipya bado inakulinda, mara nyingi kwa miaka 3 au zaidi, na magari ya Kia yanayouzwa Ulaya huja na miaka 7 au kilomita 150,000. Muda wa kufikiri unao. Njia zilizopo mimi nazipanga hivi, kuanzia iliyo bora.

Ya kwanza ni kutonunua kabisa. Pesa ambayo ungelipa itenge pembeni, uwe unaiongeza kila mwezi. Kampuni ya waranti haiwezi kuishi bila kukusanya zaidi ya inacholipa, na humo humo imo kamisheni ya aliyekuuzia. Gari likiwa la aina inayosifika kwa uimara na ukalifanyia servisi kwa wakati, huenda pesa hiyo usiiguse. Ila kama akiba kwako haikai, angalia ya pili.

Ya pili ni waranti ya mtengenezaji mwenyewe. Inamfaa mwenye gari lenye turbo (kifaa cha kuongeza nguvu ya injini) au mifumo mingi ya umeme, anayekusudia kukaa nalo muda mrefu. Kwa haibridi, gari la injini na mota ya umeme, angalia kwanza, maana betri yake kubwa mara nyingi ina waranti yake, ndefu kuliko ya gari lenyewe.

Ya tatu ni ya kampuni nyingine, isiyo mtengenezaji wa gari, na hapa ndipo watu wanapoumia. Anza na ukurasa wa visivyolipiwa, bei baadaye. Breki pedi, klachi na tairi kwa kawaida hazimo, hilo linaeleweka. Tatizo ni mambo kama mkanda wa taimingi, ule unaofanya vali na pistoni ziende kwa mpangilio. Ukikatika, kwenye injini nyingi vali zinagongana na pistoni, injini imekwisha. Injini imo kwenye waranti, lakini mkanda ulitakiwa kubadilishwa kwa kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari. Huna risiti ya kuonyesha uliubadilisha? Dai linakataliwa. Kwa hiyo kila servisi dai risiti yenye tarehe na kilomita, hata kwa fundi mliyezoeana. Uliza pia nani analipa kazi ya kufungua injini kutafuta ubovu iwapo dai litakataliwa. Usishangae ukiambiwa ni wewe.

Ya mwisho kabisa ni waranti yoyote inayoingizwa kwenye mkopo wa gari. Utailipia riba hata miaka ile ambayo ya kiwandani bado inafanya kazi. Ikatae. Kama umeshasaini, tafuta kipengele cha kusitisha mkataba leo hii, kwa sababu mara nyingi kuna siku chache za kurudishiwa pesa yote, na zikipita unarudishiwa sehemu tu.